Pasi ya Makaa na Orodha ya Mgeni

Asifiwe Mungu Mwenyezi, aliyenipa miaka mingi kuliko niliyoistahili na kumbukumbu ambayo bado haijanikimbia. Namshukuru kwa mkate wa leo, kwa magoti ambayo bado yanakubali kupigwa chini alfajiri, na kwa mvua ya juzi iliyoosha vumbi la Bagira. Namshukuru hata kwa yale yaliyoniliza, maana aliyekaa nami katika machozi ni yeye yule aliyekaa nami katika kicheko. Naomba aniongoze nisiseme uongo, kwa sababu jambo ninalotaka kulisimulia ni la zamani, na jambo la zamani hupenda kujipamba.

Kuna harufu moja ambayo nikikutana nayo njiani husimama. Ni harufu ya makaa yanayowaka ndani ya chuma, iliyochanganyika na mvuke wa pamba yenye unyevu na sabuni ya mche. Siku hizi haipatikani sana, maana umeme ukiwapo watu hutumia pasi za waya, na usipokuwapo huvaa nguo zenye mikunjo bila kuona haya. Lakini mara mojamoja, nikipita nyuma ya vibanda vya washonaji pale sokoni Nyawera, harufu ile hunishika, na mara hiyo mimi si bibi kizee mwenye fimbo tena. Ninakuwa mtoto wa miaka minane, nimechuchumaa mlangoni mwa nyumba yetu Bagira, napepea makaa kwa kipande cha katoni, na mbele yangu mama anapiga pasi nguo za watoto wa mtaa mzima. Ilikuwa kazi ya upendo. Kwa kazi hiyohiyo tulimtoa shuleni rafiki yangu Nsimire, na hakurudi tena.

Pasi yenyewe ilikuwa nzito, yenye kifuniko kilichofungwa kwa kitasa cha umbo la jogoo. Baba yangu, seremala, aliipata kwa bwana mmoja wa Ibanda aliyekuwa anahama, baada ya kumtengenezea masanduku ya kufungia vitu vyake. Katika safu yetu ya nyumba za matofali hapakuwa na pasi nyingine. Mama alikuwa akipiga pasi mashati ya makarani, na ujira wake ulitununulia chumvi na mafuta. Alikuwa na sheria zake. Kabla ya kugusa nguo nyeupe alipitisha pasi juu ya jani la mgomba ili masizi yabaki kwenye jani, na jani lilipoungua kidogo lilitoa harufu tamu kama ya ndizi iliyochomwa. Mimi niliaminiwa kupepea tu. Kuishika pasi kulikuwa kwa watu wazima.

Shule yetu ilikuwa ya misheni, juu ya kilima, yenye paa la mabati lililopiga kelele wakati wa mvua hata mwalimu akanyamaza kusubiri ipite. Wazazi walilipa karo kila muhula, sisi tuliita minervali, na mtoto ambaye hakulipiwa alisomwa jina lake mstarini asubuhi, akarudishwa nyumbani. Halikuwa jambo la kushangaza. Tuliliona kama tunavyoona mvua. Lakini kila mwaka parokia moja ya ng'ambo ilituma msaada juu ya kile kidogo ambacho shule ilipata, na barua yake ilisema msaada huo ni wa watoto wa nyumba zisizojiweza. Direkta wetu, mwalimu mkuu, alikuwa mzee mrefu aliyetembea ameinamisha kichwa kana kwamba kila mlango ni mfupi. Yeye aliutumia msaada huo kwa namna yake. Kwanza alinunua unga wa masosoma, ule wa mtama, mahindi na soya, na saa nne asubuhi shule nzima ilikunywa uji wa sufuria moja, mtoto wa karani na mtoto wa mbeba mizigo. Kilichobaki kililipa karo ya wale aliowajua yeye mwenyewe. Hakuwasoma mstarini. Alikuwa na desturi ya kumtuma mtoto ofisini kwake akalete chaki, na mtoto huyo alirudi na chaki mkononi na, chini ya sweta, daftari jipya, au kipande cha sabuni, au karatasi yenye muhuri ya kumwonyesha mwalimu. Sisi wengine tulidhani kutumwa chaki ni heshima. Siku moja nililia nyumbani kwa sababu Nsimire alitumwa chaki mara tatu katika juma moja na mimi sikutumwa hata mara moja. Baba alicheka, kisha akaniambia nimshukuru Mungu. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Direkta yule alikuwa mwosha aliyejua kufunga mdomo.

Nsimire alikaa nami benchi moja. Baba yake aliondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Shabunda Nsimire akiwa bado ananyonya. Habari zake zilikuja mara mbili, kisha zikakoma. Mama yake alibeba mizigo pale Nyawera. Alibeba mihogo, makaa na mchanga wa kujengea, vyote mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Juu ya paji lake palikuwa na mstari laini, mweusi, ambapo nywele zilikuwa zimekataa kuota. Waliishi chini ya safu yetu, karibu na kijito, katika chumba cha udongo, na sare ya Nsimire ilikuwa moja tu. Mama yake aliifua jioni na kuitundika juu ya mafiga, ikakaukia moshini. Kwa hiyo Nsimire alinukia moshi, na watoto walimtania. "Nsimire, weye ni samaki ya kukausha?" Naye aliwajibu bila kugeuka, "Ndiyo, njo maana sitaozaka. Nyiye mutaoza." Alikuwa na kinywa hicho akiwa nasi watoto. Mbele ya wakubwa alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa watoto wawili. Nsimire alifika chini ya ukurasa wakati mimi bado nahangaika katikati. Hakunihimiza. Alishika pembe ya karatasi kwa vidole viwili, akaangalia dirishani kuelekea ziwa, akasubiri. Nilipomaliza nilimgusa kwa kiwiko, naye akafungua ukurasa. Miaka mitatu tulisoma hivyo, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku tutasoma kwa namna nyingine.

Mwaka wa tatu, wakati wa mvua kubwa, Direkta aliwaita wazazi uani baada ya misa. Aliwaambia kwamba siku ya Alhamisi atakuja mgeni kutoka ile parokia ya ng'ambo. Anataka kuwaona watoto wanaosaidiwa, ili aandike orodha yake mwenyewe na kuwaeleza wenzake. Ndivyo mama yangu alivyotusimulia. Direkta alisema tumpokee vizuri, kisha akasimama kidogo kana kwamba ana neno lingine, akaagana nao. Wale akina mama ambao watoto wao walizoea kutumwa chaki walishuka kilima pamoja, wakishauriana kwa sauti ya chini. Kwetu mgeni hapokelewi kwa matambara. Hata mwenye njaa, akisikia mgeni yuko njiani, hufagia ua na kuazima kiti. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo niliisikia mara nyingi juma lile, na kila aliyeisema aliisema akitabasamu.

Jumatano baada ya saa sita walianza kufika kwetu. Walikuja na nguo zilizofungwa ndani ya vitenge: shati la binamu, kaptula ya jirani, sketi iliyotoka Ibanda kwa mke wa daktari ambako shangazi fulani alifanya kazi. Hakuna hata moja iliyokuwa ya mtoto mwenyewe. Ukumbi wetu mdogo ulijaa mvuke, miguu yenye matope, na kicheko cha wanawake ambao kwa siku moja walikuwa na kitu cha kutarajia.

"Mama Faida, moto iko?" aliuliza Mama Zawadi, jirani yetu wa nyumba ya tatu, mwanamke mnene aliyetania hata padri.

"Iko. Lakini kila mutu na zamu yake," mama alimjibu bila kuinua macho.

"Ukimaliza na hii shati, unipigie na bwana yangu. Iko na mikunjo kila fasi."

"Ule hapana. Makaa yangu itaisha na ataamuka vilevile."

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, ingawa sikuelewa, nikipepea kwa nguvu. Ndipo nilipomwona mama yake Nsimire amesimama nje ya mlango, kamba yake ya mizigo ikiwa imening'inia begani, mikono mitupu. Hakuingia. Mama alimkaribisha mara mbili.

"Sina kitu ya kupiga pasi, maman," alisema hatimaye. "Nilikuja tu kuuliza. Mutoto iko na ile ya shule, na ile iko na tundu kwa mugongo. Sasa mugeni akimuambia ageuke?"

Mimi ndiye niliyemjibu. Mpaka leo naisikia sauti yangu, nyembamba, yenye furaha ya mtoto aliyepata wazo jema: "Avae ile yangu ya Komunyo." Lilikuwa gauni jeupe la pamba, lenye lesi shingoni, nililovaa mara moja tu, likawekwa kwa ajili ya mdogo wangu. Mama alinitazama kitambo. Kisha alilitoa sandukuni, akakata jani jipya la mgomba, akalipiga pasi polepole kuliko nguo zote za siku ile, lesi kwa lesi, na mama yake Nsimire alisimama pale mlangoni akiangalia kama mtu anayeangalia misa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Siwezi kuijutia methali hiyo. Lakini namwomba Mungu anieleze siku moja.

Asubuhi ya Alhamisi jua lilitoka baada ya mvua na kilima chote kilimeremeta. Nsimire alipanda kwa miguu mitupu ili asichafue soksi alizoazimwa kwingine. Alizivaa langoni, akajifuta miguu kwanza kwa majani. Alikuwa amepakwa mafuta mpaka paji la uso linang'aa. Sikuwahi kumwona hivyo. Harufu ya moshi haikuwapo; alinukia pasi. Watoto wa chaki walipangwa mstari mmoja mbele ya ofisi, na leo nikikumbuka naona kwamba walikuwa wamependeza kuliko shule nzima. Mgeni alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na kitabu kidogo cha kuandikia. Sikuona ubaya wowote usoni mwake, na sitaki msomaji auone. Alipita polepole, Direkta pembeni yake akitafsiri, akamwangalia kila mmoja na kumwuliza neno. Alipofika kwa Nsimire alimwuliza angependa kuwa nani akikua. Nsimire aliinamisha macho, kama tulivyofundishwa kufanya mbele ya mkubwa, na hakusema kitu. Mgeni alingoja, akatabasamu, akaandika. Kisha aliwageukia akina mama waliokuwa nje ya ua akasema maneno, na Direkta akatafsiri kwa sauti ndogo: mgeni anasema watoto hawa ni safi sana. Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ambo ya bonde.

Baadaye alitaka kuona madarasa, na katika uwanja wa nyuma akakutana na Josue, mtoto wa mfanyabiashara wa mbao pale Nyawera, ambaye hakuna siku aliyotumwa chaki. Josue alikuwa ametoka kwenye mtaro akifuata mpira wa majani ya migomba, matope mpaka masikioni, shati limepasuka tangu kwapa hadi kiunoni. Mgeni alisimama. Alipiga magoti katika matope yaleyale, akamshika bega. Aliandika tena.

Ijumaa mama yake Nsimire alirudisha gauni. Alilifua, akalikunja ndani ya kitambaa safi, na juu yake aliweka maparachichi mawili na konzi ya maharage, kwa maana kwetu kitu cha kuazima hakirudi mikono mitupu. Mama alikataa. Walibishana mlangoni, kila mmoja akimsukumia mwenzake maharage yale. "Pokea, maman," mama yake Nsimire alisema. "Leo tuko na furaha. Aliona mutoto yangu." Mama alipokea. Tulikula maharage yale usiku, na ninajua sasa kwamba kwao hawakula kitu.

Majuma matatu yakapita. Orodha ilipofika kutoka ng'ambo ilibandikwa ukutani kama mgeni alivyoagiza, ili kila kitu kiwe wazi. Karibu watoto wote wa mstari ule hawakuwamo. Walikuwamo wachache, na Josue alikuwamo. Mama yake Josue alikuja mwenyewe kumwambia Direkta kwamba wao wanajiweza, ampe mtoto mwingine nafasi ile. Akajibiwa kwamba jina haliwezi kubadilishwa na jina, fedha zimeshaandikiwa mwenyewe. Uji pia ulikoma, maana msaada sasa ulikuwa wa walioandikwa peke yao. Mtaani watu walitafuta sababu. Wengine walisema ilikuwa kabila, wengine kijicho. Mama yake Nsimire alisema ni kosa lake, alipaswa kumpelekea mgeni kuku. Hakuna aliyeitazama pasi yetu, iliyokuwa imekaa kimya juu ya rafu, jogoo wake akiangalia ukuta.

Direkta alimficha Nsimire darasani mpaka karibu na mwisho wa muhula. Asubuhi, majina yalipokuwa yakisomwa, alimtuma chaki, na alimchelewesha ofisini mpaka usomaji uishe. Lakini hakuwa peke yake shuleni. Walikuwapo wakubwa wa misheni waliokuwa juu yake. Siku moja msomaji wa majina alingoja mpaka tulipoingia darasani, akatufuata na daftari lake. Nsimire alirudi na chaki, akasikia jina lake, akaiweka chaki mezani kwa mwalimu kwanza, kwa mikono miwili, kisha akaja kwenye benchi letu kuchukua mfuko wake. Tulikuwa katikati ya ukurasa. Alinitazama kama anayetaka kuuliza kama nimemaliza. Nilikuwa sijamaliza. Alitoka, na mimi nilibaki na kitabu kizima peke yangu. Nilikuwa nimekitamani kitabu kizima tangu mwaka wa kwanza.

Muhula uliofuata nilimwona njia ya kupanda Bagira, nyuma ya mama yake, akiwa na mzigo mdogo wa makaa na kamba mpya kwenye paji la uso. Mama yake alikuwa ameanza kuumwa kiuno na hakuweza tena mizigo mikubwa. Nilikuwa na wenzangu wa shule. Nsimire alinisalimu kwanza, nami nilimjibu. Kisha nilivuka upande wa pili wa barabara, nikijifanya nimeona kitu mtaroni. Dhambi hiyo nimeiungama, na padri alinipa kitubio chepesi sana.

Mungu alinijalia kusoma mpaka mwisho. Nilikuwa mwalimu, kisha mwalimu na katekista, na nilirudi kufundisha kwenye kilima kilekile. Direkta wa zamani alikuwa amestaafu. Nilimpelekea Komunyo nyumbani miguu yake ilipokataa kutembea. Siku moja aliniomba nimfungulie sanduku, akanitolea barua iliyofika pamoja na ile orodha. Ilisema kwa adabu kubwa kwamba watoto waliofutwa walionekana nadhifu, wamevaa vizuri kuliko watoto wengi wa huko ng'ambo, na kwamba haki inataka msaada uende kwa wenye shida ya kweli. Direkta alikuwa amewaandikia mara tatu kuwaeleza, na jibu lilikuja wakati watoto walikuwa wameshatawanyika. Aliniambia kwamba siku ile uani neno lilikuwa limemfika kooni: watoto waje na nguo zao za kila siku. Kisha aliwaona akina mama wamevaa vitenge vyao vya Jumapili, akaona ni kuwavua hadharani. Akalimeza. Alilia mbele yangu, mzee yule. Nilikumbuka nabii Samweli katika nyumba ya Yese, jinsi hata yeye, mtu wa Mungu, alivyoanza kuchagua kwa macho mpaka Mungu akamrudi. Nilimwambia hivyo. Alisema, "Samweli alirudiwa palepale, mwanangu. Sisi hakuna aliyeturudi." Alifariki kabla ya Pasaka.

Barua ile niliichukua, nikaificha katika kitabu cha sala, na nikakaa nayo miaka mingi kuliko ninavyothubutu kuandika. Nilijiambia kwamba kumweleza Nsimire ni kumwumiza bure. Alikuwa ameshaolewa, amezaa, amezika mume na mtoto mmoja, na mgongo wake ulikuwa umepinda kama mpini wa jembe. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wema wangu ndio uliofunga mlango, na sikujua mtu huombaje msamaha kwa gauni alilolitoa kwa upendo.

Sasa mimi ni mzee wa kamati ya parokia inayosimamia misaada ya shule. Serikali imesema shule ya msingi ni bure, na tunashukuru, lakini sare na viatu na daftari havikulisikia tangazo hilo, wala tumbo la mtoto halikulisikia. Darasa ambalo zamani lilikuwa na watoto arobaini limejaa mpaka dirishani, na wengi wao ni wa familia zilizokimbia vita zikaacha hata masufuria. Mwaka uliopita tulipata wafadhili wapya. Direkta wetu wa leo, kijana mwema mwenye simu nzuri, alituletea sharti lao: kila mtoto apigwe picha. "Banataka kuona hali yake, maman," aliniambia. "Tubaambie bazazi batoto bakuje vile banakuwaka nyumbani." Kabla sijajibu, nyanya mmoja aliingia akimshika mkono mjukuu wake. Alikuwa amesikia habari za picha. Mtoto alikuwa amepakwa mafuta anang'aa, amevaa soksi nyeupe ambazo visigino vyake vilikuwa vimepanda hadi kwenye vigimbi vya miguu. Nilijua soksi zile si zake. Nilijua na alikozitoa, au angalau nilijua zilitoka mlango wa namna gani.

Sikumbuki vizuri yote niliyosema katika kikao kile. Wenzangu wanasema nilisimama bila fimbo. Tuliwaandikia wafadhili kwamba nyuso za watoto hatutatuma. Tuliwatumia picha ya sufuria ya uji, na orodha ya vitabu na viatu vilivyonunuliwa, na jina la kila mwalimu anayesindikiza watoto nyumbani na kuona kwa macho yake wanapolala. Mmoja alijiondoa. Wawili walibaki. Uji umerudi saa nne asubuhi, kwa wote. Na katika madarasa ya chini walimu wana desturi ambayo vijana hawajui ilikotoka: mtoto anatumwa ofisini kuleta chaki.

Kutoka kikao kile niliteremka mpaka kwa Nsimire. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Nilimwambia kuna jambo nimemficha.

"Weye?" alisema. "Weye hata zambi unaungamaka mbele ya kuifanya."

Nilimsomea barua. Nilimweleza gauni, pasi, Josue na matope yake, na neno ambalo Direkta alilimeza. Vidole vyake viliacha kuchambua. Jirani akapita akatusalimu, na mimi ndiye niliyeitikia.

"Kumbe haikukuwa kichwa yangu," alisema.

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anayenisimulia habari za mtu mwingine, kwamba maisha yake yote alidhani alifutwa kwa sababu hakumjibu mgeni. Alidhani mgeni aliandika kwamba mtoto huyu ni mjinga. "Hata batoto bangu, bakianguka kwa shule, nilikuwa nasema ni kichwa yangu banaikamata. Sikubasukuma. Nilisema, tubaache tu, ni yangu." Nilimshika mikono na kulia. Yeye hakulia. Aliokota maharage mawili yaliyoanguka, akayarudisha kwenye ungo.

"Na ile robe yako nyeupe, Faida," aliuliza. "Nilipendeza?"

"Ulipendeza."

"Basi," alisema, na akaendelea kuchambua.

Jumapili tunakaa benchi moja, upande wa kushoto, karibu na nguzo. Nsimire ana kitabu cha nyimbo alichoachiwa na marehemu binti yake. Herufi alizozijua zamani zilimwondoka mojamoja wakati alipokuwa chini ya mizigo, na nilipomwomba nimfundishe upya alisema macho yake sasa yamechoka, tumwachie Mungu. Nyimbo anazijua zote kwa moyo. Lakini anapenda kitabu kiwe wazi mbele yake kama cha wengine, kwenye ukurasa ulio sawa, na hutazama mkono wangu ili ajue lini afungue. Kwa hiyo nikifika chini ya ukurasa mimi hushika pembe ya karatasi kwa vidole viwili, nikasubiri mpaka anione.

Nawe uliyenivumilia mpaka hapa, Mungu akupe macho yanayoona chini ya nguo iliyopigwa pasi. Akulindie watoto wako na wa jirani yako. Ukiwa mwenye kupewa, akuhifadhie heshima yako. Ukiwa mwenye kutoa, akuongoze mkono ufike ulipokusudia. Na kama kuna neno ulilolimeza zamani, akupe muda wa kulisema kabla jua halijazama. Amina.